Shemeji ananilaumu kwa kununua mali ya duka langu supamaketi

SWALI

Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni, Mombasa. Nina duka la kukodisha vyombo vya shughuli: viti vya plastiki, tenti, majamvi, masinia, sufuria za pilau, sahani, bilauri na chupa za chai. Harusi, hitima, matanga, mikutano ya vyama, wote hupita kwangu. Si biashara kubwa, lakini ndiyo inayolipa karo tangu mume wangu aache kazi bandarini.

Mtaji wa kuanzia, nusu niliutoa mimi kwenye mchezo wetu wa akina mama. Nusu ya pili alinipa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na tulikubaliana nimrudishie kidogo kidogo. Hajawahi kunisumbua. Ila juzi alipita dukani mimi sipo, akaona risiti za supamaketi kwenye daftari. Akamwita mume wangu pembeni na kumwambia mkewe hajui biashara, kwamba anayenunua mali dukani kama mtu anayenunua vyombo vya jikoni kwake anawatajirisha wengine kwa pesa za ukoo. Nilipoambiwa nililia.

Ukweli ni huu. Mwenye duka la jumla niliyekuwa nikinunua kwake mjini alikuwa akinikopesha hadi baada ya shughuli. Sasa anataka taslimu, na haleti mzigo Kisauni mpaka uagize wa shilingi 50,000. Sahani anauza kwa katoni tu, sahani 36, shilingi 95 kila moja na VAT juu yake. Supamaketi sahani ya namna hiyo ni shilingi 129 lakini nachukua hata kumi nikitaka. Chupa ya chai ya lita tatu yeye ananiuzia 1,850 na VAT juu, na supamaketi wameziweka kwenye ofa kwa 1,799. Sasa mtu akiniuliza kwa nini naenda supamaketi nijibu nini?

Lakini pia kuna aibu yake. Mteja mmoja alinikuta kwenye foleni na troli limejaa chupa, akaenda kuwaambia watu mtaani, “Kumbe vyombo vya huyu mama ni vya supamaketi, hata mimi naweza kununua.” Tangu hapo ananiomba nimpunguzie. Na siku hiyo hiyo keshia alinikatalia, akasema ofa ni chupa nne kwa kila mteja. Nikampa binti ya dada yangu nne nyingine apange foleni ya pili. Askari wa mlangoni akatuona, akanisema mbele za watu kama mwizi.

Naomba unieleze: nimekosea? Je, kuna sheria inayonikataza kununua pale halafu nikakodisha? Na nitazungumzaje na shemeji? Ni mkubwa wangu, siwezi kubishana naye.

Mama wa Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole kwa machozi na pole kwa maneno ya yule askari. Nitaanza na hesabu, maana humo ndimo kesi yako ilimo, na ukiishika vizuri hata mazungumzo na shemeji yatakuwa mepesi.

Chukua hiyo chupa ya chai. Bei ya 1,850 uliyopewa na mwenye duka la jumla haijaingizwa VAT. Weka asilimia 16 juu yake utapata 2,146. Ile 1,799 ya supamaketi ina VAT ndani tayari, kwa sababu bei ya rafuni ndiyo bei unayolipa. Tofauti ni shilingi 347 kwa chupa moja, na hujaongeza tuktuk ya kutoka mjini. Kama duka lako lingekuwa limesajiliwa kwa VAT ungeweza kuidai ile kodi irudi, lakini usajili huo ni wa lazima kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni tano na zaidi kwa mwaka, na sidhani wewe uko huko. Kwako VAT ni gharama kama gharama nyingine. Wenye maduka madogo wengi hulinganisha bei ya jumla isiyo na kodi na bei ya rafuni yenye kodi, wakaona jumla ni nafuu, kumbe mara nyingine si nafuu. Nadhani hata shemeji yako anafanya hivyo.

Sasa, duka kubwa linawezaje kuuza chini ya bei ya jumla? Kwanza, ofa nyingi hazilipwi na supamaketi. Mwenye kiwanda au mwagizaji ndiye anayepunguza bei kwa wiki mbili tatu ili bidhaa yake ionekane, na punguzo hilo linawekwa kwenye rafu za duka kubwa. Duka la jumla la mtaa wa pili halipewi. Pili, supamaketi inachukua mali kwa mkopo wa miezi miwili au mitatu, lakini wewe unailipa taslimu papo hapo. Inakaa na pesa yako wakati muuzaji wake anangoja. Mfumo huo una hatari yake na Wakenya tumeuona: Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa, ilipoanguka mwaka 2017, na wadai wakapiga kura Januari 2020 ifungwe kabisa, wauzaji wengi walibaki hawajalipwa. Tatu, wakati mwingine duka kubwa lenyewe linakubali kupata hasara kwenye chupa ya chai ili uingie ndani, kwa sababu linajua hutatoka bila mafuta, sabuni na maziwa. Faida yao iko huko. Ukiingia, ukabeba chupa peke yake na kutoka, umechukua ile hasara yao na hujawaachia kitu. Ndiyo maana wanaweka kikomo cha nne kwa kila mteja.

Hujaanza wewe. Marekani, maduka madogo ya kukodisha filamu yaliishi hivyo kwa miaka. Zamani za kanda za video, kanda moja ya filamu mpya ilimgharimu mwenye duka dola 60 na zaidi kwa wasambazaji, kwa sababu studio zilijua itakodishwa mara nyingi. Kisha DVD zikaingia sokoni mwaka 1997, zikauzwa kwa watu wa kawaida kwa bei ndogo zaidi, na maduka makubwa kama Walmart yakaanza kuziuza filamu mpya kwa bei ya chini mno wiki ya kwanza ili kuvuta watu. Wakati huohuo Blockbuster, kampuni kubwa ya kukodisha, ilikuwa imekubaliana na studio tangu 1998 ipewe kanda kwa dola chache kisha igawane nao mapato. Mwenye duka moja la mtaani hakuwa na nguvu ya kupata mkataba kama huo. Akaangalia bei ya msambazaji, akaangalia bei ya Walmart, akachukua troli.

Hata wakubwa walifika hapo. Redbox, kampuni ya mashine nyekundu zilizokodisha DVD kwa dola moja kwa usiku, ilifungiwa njia ya kununua kwa jumla na studio za Universal, Fox na Warner. Ilizishitaki mmoja baada ya mwingine kati ya 2008 na 2009. Kesi zikiendelea, mashine zilihitaji filamu, kwa hiyo wafanyakazi wake waliingia Walmart na Target kununua DVD za rafuni kwa bei ya rejareja, na hapo pia baadhi ya maduka yakaweka kikomo kwa kila mteja. Mwaka 2010 wakapatana na studio: Redbox ikakubali kungoja siku 28 baada ya filamu kuanza kuuzwa, nao wakairudisha kwenye bei ya jumla. Mwambie shemeji habari hiyo akikuuliza ni mfanyabiashara gani anayenunua rafuni.

Ama swali lako la sheria, ondoa wasiwasi. Kule Marekani waliweza kukodisha DVD walizonunua dukani kwa sababu sheria yao ya hakimiliki inamruhusu aliyenunua nakala halali ya filamu kuiuza au kuikodisha. Kwako ni rahisi zaidi maana sahani haina hakimiliki ya kukufunga. Umelipa, umepewa risiti, ni mali yako. Kibali cha biashara cha kaunti kiwe hai, basi. Ila soma karatasi ya dhamana iliyomo kwenye boksi la chupa au la jiko la gesi, kwa sababu nyingi zimeandikwa ni kwa matumizi ya nyumbani pekee. Kifaa unachokodisha kikiharibika wanaweza kukataa kukibadilisha, na wako ndani ya haki yao. Kwa kitu cha bei ndogo usijali. Kwa kitu cha umeme au cha gesi, lipa zaidi uchukue cha biashara.

Risiti zako zitunze, lakini usidhani zitakupunguzia kodi. Kama unalipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia tatu tangu Julai 2023 kwa biashara zenye mauzo kuanzia shilingi milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka, inahesabiwa juu ya mapato yote na gharama hazitolewi. Risiti itakufaa kwa dhamana, na itakufaa kwa shemeji.

Nimekutetea kwenye chupa za chai. Kwenye sahani nitakuwa upande wa shemeji.

Sahani ya katoni, na VAT yake, ni kama shilingi 110. Ya supamaketi ni 129. Ukiikodisha shilingi kumi kwa shughuli, ya kwanza inarudisha pesa yake ikitoka mara kumi na moja, ya pili mara kumi na tatu. Tofauti hiyo ni ndogo, na kama unahitaji sahani kumi na tano tu kuziba zilizovunjika, kwa leo supamaketi inakutoa 1,935 wakati katoni itakutoa karibu 4,000. Kwa hiyo naelewa kwa nini ulienda. Tatizo la sahani ni kwamba zinavunjika kila wiki. Utarudi tena mwezi ujao, na mwezi ujao ule mchoro wa maua ya bluu hautakuwapo rafuni. Supamaketi inabadilisha mzigo kila baada ya muda mfupi. Utaleta yenye mstari wa dhahabu, kisha nyeupe tupu, na baada ya mwaka utakuwa na rundo la sahani za kila aina ambalo hakuna bibi harusi atakayelitaka mezani kwake. Mama mwenye shughuli anapokuja dukani anainua sahani juu ya rundo, anatazama ya chini yake, halafu ya chini zaidi. Zikiwa za aina moja hasemi kitu. Zikichanganyika anaanza kuomba punguzo. Kitu kinachopotea mara kwa mara na kinachotakiwa kufanana, kama sahani, vijiko na bilauri, nunua kwa katoni, mchoro mmoja, na umwambie mwenye duka akuwekee huohuo. Kama katoni ni kubwa kwako, tafuta mwenzio anayekodisha vyombo Bamburi au Likoni mgawane. Wawili mkiagiza pamoja, mzigo wa shilingi 50,000 na usafiri wa bure unafikika.

Viti usivinunue supamaketi hata kwa ofa. Vile vya rafuni vingi ni vya kukalia barazani, vina mikono, vinachukua nafasi nyingi vikipangwa juu ya vingine, na plastiki yake ni nyembamba. Kiti cha kukodisha kinaburutwa kwenye changarawe, kinarushwa kwenye pikapu, na mzee wa kilo mia anakikalia akiegemea nyuma. Nenda kwa wakala wa kiwanda, uliza kisicho na mikono, kikalie mwenyewe na ukiegemee kabla ya kulipa. Sufuria kubwa za pilau hutazipata supamaketi hata ukitafuta, hizo ni za mafundi na wauza alumini, na bei yake ni ya maelewano. Vitambaa vya meza ni Biashara Street, hilo halihitaji mshauri.

Chupa za chai, birika, majagi, ndoo zenye mfuniko, hivyo ndivyo vya kuvizia kwenye ofa. Haviharibiki kila wiki na havihitaji kufanana sana. Ila chupa chagua yenye chuma ndani. Yenye kioo hurudi kutoka kwenye matanga ikiwa nzima kwa nje, mteja anakuwekea kaunta anaondoka, nawe ukiitikisa jioni unasikia vigae vinalia ndani. Itikise mbele yake, kabla hujamrudishia amana.

Hapo ndipo bei ya supamaketi inakusaidia kwa namna nyingine. Mteja akivunja sahani, mnagombana kuhusu bei ya kulipa. Weka fidia iwe bei ya rafuni. Kila mtu anaweza kwenda kuiangalia, hakuna atakayesema umemuonea, na wewe uliyenunua kwa katoni kwa 110 hupati hasara.

Huyo mteja anayesema hata yeye anaweza kununua, mjibu kwa upole kwamba ni kweli, anaweza. Sahani mia mbili kwa 129 ni shilingi 25,800. Kwako atazichukua kwa 2,000, na baada ya harusi hatafuti pa kuziweka. Analipia kuhesabiwa, kuoshwa, kubebwa na kuhifadhiwa. Usimpunguzie hata shilingi kwa sababu amekuona kwenye foleni, maana akipunguziwa yeye, jirani zake wote watakuja na maneno hayohayo.

Shemeji sasa. Usimwendee na utetezi, na usimtume mume wako na maneno yako, yatafika yamepinda. Mwombe mume wako akae nanyi, umwandalie mkubwa chai, na umwambie hivi: “Shemeji, pesa yako iko kwenye duka hili na wewe unajua biashara kuliko mimi, nimekuja na daftari unisaidie kupanga manunuzi.” Fungua ukurasa wa chupa za chai na bei zote mbili, VAT ikiwa imeshaingizwa. Mwache azisome mwenyewe, usiseme neno. Kisha fungua ukurasa wa sahani, umwambie hapa nadhani una haki, nataka nirudi kwenye katoni, lakini yule mwenye duka hanikopeshi tena. Mzee akisimama mbele ya mwenye duka la jumla kama mdhamini wako, mkopo wa wiki mbili unaweza kurudi. Mpe kazi hiyo. Alikuwa na wasiwasi na pesa yake, na anayehangaikia pesa yake hutulia akipewa nafasi ya kuilinda. Na jambo moja umweleze mume wako mkiwa wawili: maneno ya kukutilia shaka alipaswa kuyajibu palepale, au angalau kusema ngoja tumuulize mwenyewe. Nisingeliacha hilo lipite.

Kuhusu foleni ya pili, hapo dada yangu acha. Yule askari hakuwa na ruhusa ya kukudhalilisha, na una haki ya kumlalamikia kwa meneja. Lakini ofa iliandikwa nne, na kumtumia mtoto kukwepa kunamfundisha asichotakiwa kujifunza. Nenda siku ya kazi asubuhi, duka likiwa tupu, umuulize meneja wa tawi kwa jina la biashara yako: natafuta chupa ishirini, mnaweza kuniuzia kwa pamoja? Matawi mengi yana utaratibu wa kuuzia shule, hoteli na makanisa kwa wingi, na meneja mwenye mzigo unaokaribia kuisha ofa yake anaweza kukupa bei ileile bila kikomo. Akikataa umechukua nne zako na umeondoka na heshima yako.

La mwisho ni la leo jioni. Chupa ulizonunua supamaketi ni zilezile zilizoko jikoni kwa wateja wako, kwa hiyo siku ya shughuli zitachanganyika na za mwenye nyumba na za jirani aliyeazima. Kabla hazijatoka nje, nunua kopo dogo la rangi ya mafuta, uzitie alama chini ya kitako na ndani ya kifuniko, maana vifuniko navyo hupotea peke yake. Andika idadi kwenye risiti ya mteja, naye atie sahihi anapochukua na anaporudisha.